Mgonjwa Mnene Hana Kosa

Juzi nilimpeleka mdogo wangu hospitali kupigwa picha ya mgongo. Mdogo wangu ana mwili, Mungu amembariki, na kanisani anakaa nafasi ya watu wawili bila aibu. Kijana wa eksirei akatoka na bahasha, akaniamkia vizuri, "Shikamoo bibi," nikaitikia. Kisha akasema, "Bibi, picha haijatoka vizuri. Mgonjwa ni mnene." Akageuka aende zake.

Nikamshika mkono wa koti. "Kaa hapa," nikamwambia. Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania hata kidogo. Nimefanya kazi hiyo hiyo ya eksirei miaka ishirini na minane, na sentensi hiyo ya maneno matatu, mgonjwa ni mnene, nilishaisema mimi kabla mama yake hajazaliwa. Najua iliniletea nini. Kwa hiyo ninyi vijana mnaosomea kazi hii, na wewe niliyekuvuta koti, kaeni niwaeleze. Kama mna haraka, subirini hivyo hivyo. Wagonjwa wanawasubiri ninyi kila siku.

Nianze na wembamba, maana ndiko kosa lilikoanzia.

Hospitali yetu ilikuwa juu, upande wa Mbulu, ukishapita Dongobesh. Mashine ilikuja kutoka ng'ambo kwenye sanduku la mbao pamoja na jedwali la kubandika ukutani: kifua, weka namba hizi, nyonga, weka namba hizi. Walioliandika jedwali walikuwa wanapiga picha watu wa kwao walioshiba siagi. Waliokuja kwetu walikuwa wakulima wa mlimani, wakavu kwa kupanda na kushuka na mizigo, na wafugaji wa Kibarbaig kutoka tambarare ya Hanang, warefu, kifua chembamba, tumbo halipo. Ukifuata jedwali, picha inatoka nyeusi tii. Mapafu huyaoni, mbavu huzioni, unaona giza tu lenye jina la mtu pembeni.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Margwe. Aliingia chumba cha eksirei akiwa mfagiaji, akatazama, akauliza, akashika, hadi wenye vyeti wakawa wanamwuliza yeye. Ndiye aliyechukua penseli nyekundu akakata zile namba za ukutani, zote. Alinifundisha hivi: "Martina, kuna nguvu na kuna wingi. Nguvu ni mionzi kupenya. Wingi ni mionzi mingapi unaitoa na kwa muda gani. Mtu mwembamba ukimpa vingi, unamfuta." Basi tukapunguza nguvu, tukapunguza wingi, picha zikawa safi. Tukaliita jedwali la Margwe, tukalitumia miaka mingi, na mimi niliyekuja baadaye nikasahau kabisa kwamba lilikatwa kwa ajili ya watu wakavu. Niliona ni sheria.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nakadiria unene kwa macho. Akaja baba mmoja asubuhi ya baridi, amevaa makoti mawili na blanketi juu. Nikamwona pande la mtu. Nikaongeza nguvu, nikaongeza wingi, nikapiga. Picha nyeusi! Mzee Margwe akaishika kwenye mwanga, akaniuliza kwa upole, "Umempiga picha yule baba au blanketi?" Nilipomvua makoti, loo, ndani alikuwa mwembamba kuliko mimi.

Tangu siku hiyo ikawa ni kupima. Seremala wa hospitali akatutengenezea kipimio cha mbao, mikono miwili inayofunguka na kufunga, unaigusisha kwenye mwili huku na huku, unasoma unene. Tatizo ni kwamba seremala huyo huyo ndiye aliyetengeneza majeneza, na kila mtu alimjua. Wazee walikuwa wanakiona kile chombo wanaruka mezani. "Unanipimia sanduku, binti? Mbona bado napumua?" Kwetu mtu mzima aliye hai hapimwi kwa ubao. Nikabuni njia: najipima mimi kwanza mbele yake, nasoma namba yangu kwa sauti, nacheka, kisha naomba, "Na wewe baba, tuone nani kashiba." Hapo wanakubali. Jifunzeni hilo, hata kama siku hizi mnapima kwa njia nyingine. Mtu akubali kwanza, ndipo mwili wake utulie.

Sasa njooni kwa Mama Bura.

Miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali, kule chini kuelekea Basotu ilikuwa ngano tupu, kombaini zinatembea kwa mstari, malori, karakana, nyumba za wafanyakazi za mabati. Mama Bura alikuwa mpishi mkuu wa wavunaji kwenye shamba moja, sitalitaja. Mama mtu mzima, mjane, mnene kwelikweli, na alijivunia unene wake. Wakati wengine tunapanga foleni ya sukari, kunenepa ilikuwa heshima. Watu walimwambia, "Mama umeshiba," naye anajibu, "Nimejishibisha mwenyewe."

Siku moja akipeleka chakula shambani, akateleza kwenye tela la trekta, akaangukia ubavu. Wakamleta kwetu analia nyonga. Mzee Margwe alikuwa likizo. Nilikuwa peke yangu na foleni imejaa hadi nje.

Nikatoa kipimio. Hakikumtosha! Seremala alikitengeneza kwa watu wetu, mikono yake haikufunguka kiasi cha kuukumbatia mwili wa Mama Bura. Pamoja na maumivu yake akacheka, "Mlipimia mbuzi hiki?" Nami nikacheka, na hapo ndipo ningesimama nikafikiri. Sikufikiri. Nikaenda kwenye jedwali la Margwe, nikachukua mstari wa mwisho, ule wa mtu mkubwa kuliko wote. Mkubwa kuliko wote waliokonda.

Nilipoitoa filamu kwenye dawa ya kusafishia ilikuwa nyeupe. Mifupa na nyama vyote rangi moja, kama uji. Kupiga tena? Filamu zilikuwa chache hadi mwisho wa mwezi, na kila iliyoharibika nilisomewa risala. Basi nikafanya ujanja ambao wapigaji wote wa zamani wanaujua na hawausemi. Nilikuwa nimepiga mbili, na ya pili ilikuwa bado haijasafishwa. Nikaipasha dawa moto, nikaitumbukiza humo hiyo ya pili, nikaiacha mara mbili ya muda wake. Ikatoka kijivu. Kijivu kizuri! Kwa mbali ungesema ni picha.

Sikilizeni vizuri hapa. Picha nyeupe haimdanganyi mtu, kila daktari ataikataa. Picha ya kijivu iliyopikwa inadanganya. Mionzi haikufika kwenye filamu, sasa dawa itaonyesha nini? Inatia rangi mahali pasipo na habari. Daktari wetu akaitazama dirishani, akasema, "Nimejitahidi, sioni mvunjiko. Huyu nyama zimemkinga. Atembee, asilale lale." Nami nikasema, ndiyo, Yesu anisamehe, nikasema, "Picha si kali sana, daktari. Mgonjwa ni mnene." Akaandika: hakuna mvunjiko. Mama Bura akashuka ngazi akishika ukuta, akarudi shambani zilikokuwa nyumba zao.

Ninyi mna kompyuta. Inachukua picha dhaifu, inaisawazisha yenyewe, inakupa kijivu kizuri bila hata kukuuliza. Ikuzeni hiyo picha. Mkiona chengachenga kama mchanga uliomwagwa juu ya mfupa, jueni mionzi ilikuwa haba. Msijisifu.

Mzee Margwe akarudi siku ya tisa. Tabia yake ilikuwa kupitia picha zote zilizopigwa akiwa hayupo. Alipofika kwa ile ya Mama Bura akaisogeza puani. Akainusa, kweli akainusa.

"Hii umeipika."

Nikasogea karibu na mwanga.

"Martina, nionyeshe mahali shingo ya fupa la paja inapoingia kwenye nyonga."

Nikaweka kidole. Nikakisogeza. Nikakisogeza tena. Sikupaona. Nyonga nzima ilikuwa wingu.

"Basi daktari aliona nini akasema hakuna mvunjiko?" akauliza. "Na huyu mama yuko wapi sasa?"

Nilijua mfupa wa pale ukipata ufa, mtu anaweza bado kusimama na kuchechemea, lakini akiendelea kuukanyaga unaachana, na wakati ule ukishaachana kwa mtu wa umri wake, ndiyo basi, hatembei tena. Siku tisa sasa anatembea kwa agizo letu. Nikasema namfuata. Mzee Margwe hakunizuia. Alisema tu, "Ukimleta, nitakuwa nimezitafuta filamu."

Nikapanda lori la dizeli kushuka Basotu, nikatembea sehemu, nikafika shamba kesho yake asubuhi. Nilitegemea kumkuta kitandani. Nilimkuta jikoni. Ameegemea meza kwa tumbo, mguu wa kulia umeinuliwa kidogo, anasonga ugali wa wavunaji, jasho linatiririka hadi kwenye khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu! Daktari alisema nitembee, natembea. Lakini mguu huu hautaki kusikia."

"Mama, kaa chini. Usiukanyage tena."

"Nikikaa wananiandika mtoro. Wameshasema natega kazi." Akaushika mwiko kwa nguvu. "Picha ilisema sina kitu, sivyo?"

Nikamnyang'anya mwiko. Nikawaita akina dada wa jikoni, tukamlaza juu ya magunia, kisha nikaenda ofisini kwa afisa utumishi. Kijana wa Kaunda suti, amepiga pasi, hana neno baya, hana haraka pia.

"Dada, hospitali yenu imeandika hana kitu."

"Aliyepiga picha ni mimi. Picha ni mbaya. Naomba gari nimrudishe."

"Ni mavuno. Hakuna gari."

"Basi nitasubiri."

Nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wake. Akataka kutoka, akaniruka. Akarudi, akaniruka. Watu wakaanza kuja kutazama. Mara ya nne akaniambia, "Dada, inuka, wakubwa wanakuja." Nikamjibu, "Wakija nitawaeleza na wao." Haikupita saa moja nikapewa trekta na tela. Tukajaza mabua ya ngano, tukamlaza Mama Bura, nikaukumbatia ule mguu usitikisike, tukapanda mlima kutwa nzima. Kila shimo alikuwa anasema "Ee Mungu" na mimi nasema "Samahani mama," hadi dereva akatuambia tunamchosha.

Sasa shikeni hii, ndiyo kazi yenyewe. Mwili mnene unafanya mambo mawili. La kwanza unameza mionzi. Mzee Margwe alihesabu kwa vidole: unene ukiongezeka kwa upana wa vidole viwili, karibu nusu ya mionzi inabaki njiani. Vidole vingine viwili, nusu ya ile nusu. La pili unatawanya mionzi. Mnaujua ukungu wa Mbulu wakati wa baridi. Dereva akiwasha taa kali ndipo haoni kabisa, mwanga unarudi usoni kwake. Kwa hiyo ukiongeza nguvu peke yake unaongeza na ukungu. Lazima ufanye yote kwa pamoja.

Tulimpima kwa vipande viwili vya ubao na rula ya shule. Mzee Margwe akalibandua jedwali lake mwenyewe ukutani, akaligeuza, akaanza hesabu upya nyuma ya karatasi. Tukaweka chini yake ile gridi, kibao chenye vipande vyembamba vya risasi vinavyozuia mionzi iliyopotea njia, ambacho kwa watu wetu wakavu tulikuwa hatukihitaji, kimejaa vumbi kabatini. Gridi nayo inameza mionzi, tukaongeza tena. Tukabana mwanga ukaangukia nyonga moja tu, si kiuno kizima. Nikakimbia kwa mtu wa pampu ya maji kumwomba azime, maana pampu ikivuta umeme wa jenereta mashine yetu ilikuwa inalegea. Akauliza wagonjwa wodini watapata wapi maji. Nikamwambia dakika kumi, wasioge.

Kuna mkanda wa kubana nyama ili unene upungue. Mzuri sana kwa picha ya figo. Kwa nyonga unayoishuku kuvunjika usithubutu. Mguu wake tuliugeuza ndani kidogo kidogo, kiasi alichoruhusu yeye, hadi aliposema "hapo." Kwa sababu muda wa kupiga ulikuwa mrefu, tulifanya mazoezi ya kubana pumzi mara tatu. "Mama, usipumue... pumua." Mara ya nne nikapiga.

Ndani ya chumba cha giza niliacha filamu kwenye dawa kwa muda wake halali, sikuongeza hata sekunde. Nikaiinua kwenye taa nyekundu. Mfupa ulikuwa pale. Na kwenye shingo yake, mstari mwembamba, umekatiza, vipande bado vimeshikana. Nililia humo gizani kwa furaha na kwa hasira, sijui kipi kilikuwa kingi.

Mngedhani yameisha. Hata! Daktari alipoiona alikubali mara moja, akaagiza alazwe na mguu uvutwe kwa mizigo. Lakini kwenye karatasi akaandika kwamba mvunjiko ni mpya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshaandika hapana, na kuifuta hapana yake mwenyewe kulimwia vigumu. Shamba likaidaka ile karatasi. Afisa utumishi akatuma barua: mfanyakazi ameumia nyumbani kwake baada ya kuthibitishwa mzima, kwa hiyo si ajali ya kazi, na nyumba ya shamba airudishe. Mama Bura amelala, mguu umening'inizwa, na watoto wa marehemu binti yake wako kwenye nyumba hiyo.

Nikaenda kwa daktari na picha zote mbili. Nikaziweka kwenye mwanga, bega kwa bega.

"Daktari, nionyeshe kwenye hii ya kwanza mahali ambapo shingo ya mfupa ni nzima."

Akaisogelea, akafuata mfupa kwa kidole. "Sipaoni," akasema.

"Wala hukuona siku ile. Shingo haikutokea kwenye filamu. Niliipika."

"Martina, unajua ukiandika hivyo utapata nini?"

"Najua. Nipe kalamu."

Niliandika hivi, naikumbuka mpaka leo: Picha ya kwanza ya Mama Bura haikufaa kusomwa. Mionzi ilikuwa kidogo kwa unene wa mgonjwa, nami nikaificha kwa dawa. Haiwezi kuthibitisha kuwa alikuwa mzima. Kosa ni la mpigaji. Nikatia sahihi. Daktari akaisoma, akachukua kalamu, akaandika chini yake kwamba na yeye hakupaswa kuisoma. Siku hiyo nilimheshimu kuliko siku zote.

Karatasi hiyo ilipofika, shamba likakubali kwamba ni ajali ya kazi, nyumba ikabaki. Mimi nikapewa barua ya onyo na kuondolewa eksirei. Nikapelekwa kufua mashuka. Sikulalamika, ila mikono iliuma, na kila nikisikia mashine inaunguruma ukutani nilikuwa nasimama kusikiliza.

Wiki nyingi zikapita. Ikafika siku ya Mama Bura kupigwa picha ya kuona kama mfupa umeshika. Wakamleta chumbani, akakuta kijana mwingine ameazimwa kutoka hospitali ya jirani. Mama Bura akashika pande zote mbili za kitanda, akakataa kuhamia mezani.

"Yuko wapi Martina?"

Wakamwambia yuko dobi, ana adhabu, ndiye aliyemharibia picha.

"Najua. Aliniambia mwenyewe kwenye tela. Mwiteni."

Nikaja na aproni ya plastiki, mikono imejaa povu. Daktari yuko mlangoni, Mzee Margwe anajifanya anapanga kaseti za filamu. Daktari akamwuliza kwa adabu, "Mama, hospitali nzima, kwa nini unamtaka yule aliyekosea?"

"Wote mlisema sina kitu," akasema Mama Bura. "Ni mmoja tu aliyerudi kunitafuta."

Daktari akasogea pembeni ya mlango nipite. Nikanawa mikono, nikafunga aproni ya risasi, nikaanza kumpima upya.